Mikono Miwili na Kamba ya Bori

Mwalimu Pyo hakuwa mtu wa kubembeleza. Siku ya kwanza ya mafunzo alitupanga mstari mmoja, sisi na mbwa wetu, akatuambia kwamba kwa mbwa hakuona shida yoyote.

"Mbwa wa kuliwaza wagonjwa anafundishika," alisema. "Vichwa vigumu ni nyinyi. Kamba ikikutoka mkononi mbele ya mgonjwa, mtihani umekwisha, na kizibao cha kijani unakivua papo hapo. Na msiniletee ujanja wa kuifunga mkononi. Mbwa akishtuka atakuburuta, umwangukie mzee wa watu."

Kisha akatoa pipi mfukoni, akakunja mgongo na kutetemesha sauti kama mzee. "Haya, mjukuu wangu, chukua."

Deok-su, dereva mstaafu wa basi, aliinama na kunyoosha mikono yote miwili. Kamba ikaanguka. Mbwa wake mnene, Mandu, akajiendea zake kwenye pipa la taka.

Tulimcheka Deok-su mpaka zamu zetu zilipofika. Hakuna aliyepona. Nani kwetu hupokea kitu cha mzee kwa mkono mmoja, kama anayenyang'anya? Mimi baba yangu alinifunza adabu hiyo kwa kijiko cha mbao, nikiwa bado sijui kujifunga viatu.

"Mkono wa kulia unapokea!" Mwalimu alifoka. "Wa kushoto unabaki na kamba, unagusa kiwiko cha kulia. Heshima imetimia na mbwa yupo. Kitu gani hapo cha kuwashinda watu wazima?"

Kilinishinda kwa muda mrefu. Nyumbani nikamgeuza mume wangu kuwa mzee wa mazoezi. Alinipa chumvi, akanipa soksi, akanipa rimoti ya televisheni, nami kila mara napokea kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukigusa kiwiko.

"Usimalize haya mafunzo, mke wangu," alisema. "Tangu tuoane sijawahi kuinamiwa hivi."

Bori, mbwa wetu mwenye rangi ya shayiri, alitutazama akipiga miayo.

Wenzangu walikuja mafunzoni kwa moyo wa kujitolea. Mimi sikuwa mwema kiasi hicho. Mimi nilikuwa namtaka baba yangu.

Baba alikuwa katika nyumba ya wazee pembezoni mwa mji wetu wa Yeongju. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemwachia mambo mawili tu: shamba lake la matufaha, na mwanamke aliyemwibia shamba hilo. Mwanamke huyo ni mimi. Ni kweli nililiuza, alipoanza kupotea katikati ya miti aliyoipanda mwenyewe. Kila nilipoingia chumbani kwake aliniita mwizi na kupiga kelele, mpaka wauguzi wakaniomba, kwa upole wote, nipunguze kuja.

Lakini watu wa mbwa huvaa kofia, barakoa na kizibao cha kijani. Siku tulipopelekwa pale kwa mazoezi, baba alinitazama vizuri akasema, "Mama, mbwa wako ana masikio ya heshima." Barakoa yangu ililowa machozi hadi kidevuni. Nikajua kwamba huo ndio mlango pekee uliobaki.

Nilimweleza Mwalimu ukweli. Alikuna shingo.

"Kanuni zinakataza mtu kumhudumia ndugu yake," alisema. "Lakini nyumba inayopokea mbwa hapa kwetu ni hiyo moja tu. Basi mtihani utaufanyia kwake. Ukipita, kila Alhamisi utakaa naye. Ukishindwa, huingii tena mle na mbwa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mwalimu."

Siku ya mtihani, muuguzi Sun-hwa alimleta baba ukumbini kwenye kiti cha magurudumu. Mwalimu alisimama dirishani. Nilipiga goti, na Bori akaweka kidevu juu ya paja la baba kama alivyofundishwa. Vidole vya baba vikaanza kutembea masikioni mwake.

"Huyu amekula?" aliuliza.

"Amekula, mzee."

"Na wewe, mama?"

"Nami nimekula."

Aliridhika. Nilianza kupumua. Kisha akainama karibu kabisa na sikio la Bori.

"Nikwambie siri? Kuna mama huwa anakuja hapa. Mimi namfukuza. Namtukana. Akitoka namsikia analia huko koridoni." Mkono wake haukuacha kumpapasa. "Hata sijui kwa nini namfukuza. Akishaenda, moyo unaniuma kutwa nzima."

Nilimkazia macho Bori. Mtazame mbwa, nilijiambia, mtazame mbwa tu.

Baba akapekua mfukoni, akatoa pipi ya mzizi wa jinsengi, mojawapo ya zile nyekundu ambazo wazee wetu hawazikosi. Karatasi yake ilikuwa imechakaa kwa kushikwashikwa. Hakumpa Bori. Alininyooshea mimi.

"Wewe unatembea huku na huku, mama. Ukimwona, mpe hii. Mwambie asilie."

Nilijua la kufanya. Naapa nilijua. Nilikuwa nimepokea chumvi hivyo, na soksi, na rimoti. Lakini aliyenyoosha mkono alikuwa baba yangu, na alichokishika kilikuwa changu. Mikono yangu iliinuka yote miwili bila kuniuliza.

Pipi ikatua viganjani mwangu, kamba ikaanguka sakafuni. Bori alisubiri kidogo, akasimama, akafuata harufu ya jikoni.

"Mi-ok," Mwalimu aliita. Sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ndogo vile.

"Mwalimu, ni baba..."

"Najua ni baba. Ndiyo maana nilikwambia." Alikwenda kumrudisha Bori mwenyewe, akabaki ameishika kamba. "Nisamehe. Vua kizibao."

Nilisimama, nikakivua kwa kukipitisha kichwani, na kofia na barakoa vikatoka nacho. Baba akainua macho. Akanitambua, yaani akamtambua mwizi wake.

"Huyu! Huyu kaingiaje humu? Mwizi wa shamba!" Macho yake yakashuka mikononi mwangu. "Na pipi kaiba! Sun-hwa, kaiba pipi! Si yake hiyo, nimemwekea mtu!"

"Babu, tulia, huyu ndiye..." Sun-hwa alianza.

"Nimemwekea yule mama anayelia!" Machozi yalikuwa yanamtoka baba. "Akija nitampa nini?"

"Baba, ni mimi," nilisema. "Huyo mama ni mimi."

Kelele zikazidi. Deok-su, aliyekuwa akingoja zamu yake mlangoni, alimbeba Mandu akatazama chini. Basi nikapiga magoti, nikamrudishia baba pipi yake kwa mikono miwili. Aliinyakua kwa mkono mmoja, akaificha mfukoni, akageukia mlango amngojee yule mama anayelia.