Gamba la Mlangoni

Pasu! Kifungo kikapasuka tena, na safari hii karakana nzima ilisikia kwa sababu mashine ya kung'arishia ilikuwa imezimwa.

Bi Keekee hakuinua kichwa. Aliondoa mguu kwenye kanyagio, keekee ya mezani, ile mashine ya kutobolea iliyompa jina, ikazunguka kidogo kwa uvivu, ikanyamaza. Chini ya ncha yake, mahali palipotakiwa kuwa na kifungo cha koti chenye matundu manne, palikuwa na vipande vyeupe vimelala kwenye maji yaliyogeuka maziwa. Akavizoa kwa kiganja, haraka, kama mtu anayefuta makombo mezani kabla mgeni hajaketi, akavitia mfukoni mwa aproni.

"Shemeji," sauti ikatoka nyuma yake, "hicho kilikuwa kifungo au biskuti?"

Msemaji alikuwa mdogo wa marehemu mumewe. Kazi yake ilikuwa kung'arisha vifungo, na watu walimwita Msasa, kwa kazi hiyo na kwa ulimi wake pia.

"Biskuti," alijibu Bi Keekee. "Yako nimekuwekea. Leta hayo meno mawili yaliyobaki ujaribu."

Watu wakacheka. Hata yeye alicheka, ila mkono ulibaki mfukoni, umevifumbata vile vipande visije vikagongana vikamsema.

Mpaka hapo hakuwa mtu wa kuficha kitu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kile tangu ujana, akikata vifungo kutoka kwenye magamba ya konokono wa baharini. Gamba likija huwa halina sura: limekwaruzwa, limeota ukoga, linanuka. Unalikata kwa msumeno mwembamba wa duara, maji yakidondoka juu yake polepole ili vumbi lisiruke, na hapo ndipo linapokuonyesha lilichokuwa limekificha ndani, mng'ao ule ambao ukiugeuza kidogo unakuwa waridi, ukiugeuza tena unakuwa kijani. Kisha matundu. Matundu ndiyo kazi. Ukikandamiza sana kifungo kinapasuka, ukilegeza ncha inateleza na kuchora mkwaruzo. Bi Keekee hakuwa akiangalia sana, alikuwa akisikiliza. Gamba likitobolewa vizuri huguna, sauti nzito, kama mzee anayekubali jambo bila kupenda.

Siku hizi halikuguna. Lilipiga kelele nyembamba, kisha pasu. Akabadilisha ncha, akanoa nyingine, akatia mafuta mashine. Mwishowe akaacha kuishuku mashine, akaanza kujishuku mwenyewe: masikio, macho, mkono. Wote waliokuwa pale walishuku hivyohivyo, kwa upole, na upole wao ndio uliouma. Uzee ni mshitakiwa mzuri sana. Akishatajwa, hakuna anayehangaika kutafuta mwingine.

Mlango ulikuwa wazi kama kawaida, umezuiwa na gamba kuukuu, kubwa kama kichwa cha mtoto, lililokaa pale sakafuni tangu enzi za baba wa bosi. Kila mfanyakazi alikuwa amewahi kujigonga kidole nalo. Msasa alidai kwamba ukucha wake wa kwanza kung'oka umezikwa chini yake. Bosi aliliruka bila kulitazama, akaja mpaka kwenye benchi. Alijifunza kutembea akishikilia miguu ya benchi hilohilo, ndiyo maana kila alipotaka kumsema Bi Keekee alianza kwa kukohoa.

"Mama." Akakohoa. "Vile vifungo vya koti, vya fundi cherehani. Vimefika wapi?"

"Vinakuja."

"Tangu juzi vinakuja. Vinatembea kwa miguu?"

Hakuna aliyecheka, na bosi mwenyewe akajutia utani wake.

"Sikiliza, mama. Kesho Msasa akae hapa. Wewe uhamie kule kwa mwanao, mpange vifungo kwenye kadi. Kazi nyepesi. Tena kule kiti kina mgongo."

"Mgongo ninao wangu."

"Najua, mama."

"Haya," alisema, akaifuta keekee kwa kitambaa, kuanzia juu hadi chini, kama anavyofutwa mtoto anayepelekwa kwa watu.

Jioni, nyumbani, binti yake alimkuta mezani amejaza kikombe cha chai mpaka pomoni, amekinyoosha mbele yake kwa mkono mmoja, anakikodolea macho.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakunywa chai."

"Watu hunywea mdomoni."

"Nyamaza. Angalia kama inamwagika."

Binti akavuta kiti. Wakaitazama chai. Chai ikatulia, haikutoa hata wimbi. Taa ya darini ilionekana ndani yake, nzima. Mkono ulipochoka akahamishia wa pili. Nao vilevile. Kabla ya hapo alikuwa ameshatia uzi kwenye sindano nyembamba kuliko zote ndani ya nyumba, bila miwani.

"Sasa tatizo ni nini?" aliuliza binti.

"Ni uzee."

"Uzee gani huo usiomwaga chai?"

Bi Keekee alikunywa chai, imeshapoa, kisha akainama akavuta kutoka mvunguni kopo la maziwa ya unga. Akalifungua. Lilikuwa limejaa vipande vya vifungo mpaka juu.

Binti aliangalia kopo, akamwangalia mama yake. Alikuwa na maneno mengi, lakini aliyameza yote likabaki moja. "Mama..."

"Niliona haya. Wakivikuta kwenye pipa watavihesabu." Akalifunika. "Kesho navirudisha. Sitaki kuhamia kwenye kiti chenye mgongo na mali ya watu iko chini ya kitanda changu."

Asubuhi yake Msasa alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, juu ya mto aliokuja nao kutoka nyumbani, lakini hakuwa amewasha mashine. Alikuwa akichezea swichi tu.

"Shemeji, mimi sikuomba," alisema bila kugeuka.

"Najua. Ungeomba wewe, ungeomba kitanda."

Mlangoni palikuwa na kelele. Mzamiaji, yule kijana mnene aliyewaletea magamba, alikuwa akishusha magunia yake. Maji ya kina kirefu yalikuwa yamemharibu masikio, basi alizungumza na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya barabara.

"BOSI! NIMELETA NILICHOPATA! USINIULIZE MAKUBWA, MAKUBWA HAKUNA!"

Bi Keekee hakungoja amalize. Aliona akingoja ataogopa. Alikwenda mpaka kwenye meza ya bosi, akafungua kopo, akalipindua. Vipande vikamwagika kwa sauti ya mvua inayoanza kwenye bati.

"Ni vyako," alisema. "Nilivunja, nikaficha. Ukate mshahara au usamehe, ni juu yako."

Bosi alitazama ile chungu. Rangi ilimpanda usoni. "Vyote hivi? Mama, vyote hivi, na mimi naulizia kila siku?"

Alichukua kipande akitaka kukitikisa mbele ya macho yake, kisha akasita. Akakiinua kwenye mwanga. Mwanga ukakipenya. Akachukua kingine. Kikiwa kimoja kimoja chini ya keekee, kila kipande kilikuwa ajali tu. Hapa mezani, vikiwa pamoja, vilikuwa na ukoo. Vyote vilikuwa vyembamba upande mmoja, na mgongo wa kila kimoja umechimbikachimbika, umefanya unga kama chokaa ya ukuta wenye unyevu.

Mzamiaji alisogea, akachagua kipande kinene kuliko vyote, akakibana kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Pasu.

"HAYA SI YANGU HAYA?" Akashusha sauti, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumsikia akilifanya. "Ni yangu. Ya misimu hii."

"Wewe unayapata wapi magamba mabovu?" aliuliza bosi.

"Palepale. Mwamba uleule aliokuwa akizamia baba yangu." Alifikicha unga vidoleni. "Bosi, kule chini si kuzuri. Zamani ukikosea hatua ukagusa matumbawe, unarudi juu goti limechanika. Sasa unashika tawi unabaki nalo mkononi, kama mkate wa juzi. Na konokono wadogo hawaonekani. Wakubwa hawa ni wazee waliobaki, na wenyewe wanalika mgongo wakiwa hai."

"Wanaliwa na nini?"

"Na maji."

Msasa akadakia. "Maji yanakula konokono? Na wewe uliyenona hivyo yamekuacha?"

"Kuna wapima maji huja na mashua, wananilipa niwawekee vyombo vyao chini. Niliwauliza. Wanasema moshi tunaoutoa juu huku, wa magari, wa viwanda, hauendi mbinguni wote. Ile hewa ya ukaa, bahari inaimeza. Ikimeza sana inaingia uchachu."

"Bahari imetiwa ndimu," alisema Msasa.

"Kidogo sana. Ukionja hutajua, ni chumvi ileile. Lakini konokono anajenga nyumba yake kwa anachookota majini, na ule uchachu unamnyang'anya kabla hajajenga. Tumbawe naye vivyo hivyo, chaza vivyo hivyo. Kichanga ndiyo kabisa, anakufa kabla hajajua kwamba alitakiwa awe na nyumba."

Msasa alichukua kipande mezani, akakirudisha taratibu. Ilikuwa mara ya kwanza ulimi ule kurudi mikono mitupu.

Bi Keekee alikuwa haangalii mtu. Alikuwa akiangalia mlangoni, chini.

"Nipe lile," alisema.

Bosi alifuata macho yake. "Lile ni la baba."

"Najua ni la nani. Nilikuwepo lilipoletwa. Alikataa likatwe, alisema likae mlangoni wateja waone gamba ni nini. Nipe nitoboe kifungo kimoja. Kikipasuka, mkono wangu ndio mbaya, nakwenda kwenye kadi na sitasema neno."

Bosi akaenda mwenyewe, akainama, akaliinua kwa mikono miwili, akiguna kwa uzito. Mlango uliokosa kizuizi ulijifunga taratibu nyuma yake, na karakana ikawa na giza kidogo. Msasa alikwisha kuondoka kwenye kigoda. Alikuwa amesahau mto, na Bi Keekee akaukalia bila kujua.

Aliliosha. Aliligeuza mikononi mpaka akapata pa kuanzia. Msumeno ulichukua muda kuingia, naye akauacha uchukue, maji yakidondoka, harufu ya jino linalochimbwa ikipanda. Duara likadondoka kiganjani, zito, linene, la baridi. Akaliweka chini ya keekee. Akakanyaga.

Likaguna.

Sauti nzito, ya polepole, kutoka zamani. Binti yake kule kwenye kadi aliacha uzi. Bi Keekee alifumba macho. Tundu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Aliondoa mguu, akakiweka kifungo kwenye ukingo wa meza, kizima, kinachanua waridi na kijani. Kisha, bila kuambiwa, akachukua gamba kwenye gunia la mzamiaji, akakata, akalitia palepale, kwa mkono uleule, ncha ileile. Likapiga kelele nyembamba.

Pasu.

"Wewe mzima, mama!" Binti yake alikuwa ameshasimama, ameshika kichwa, anacheka na kulia kwa pamoja. "Mkono wako mzima!"

"Nilisema mimi," alisema Msasa, ambaye hakuwa amesema.

Bosi alishindwa hata kukohoa. "Mama, unisamehe. Kigoda ni chako."

Wote walimtazama wakingoja afurahi. Alikuwa amekishika kile kipande kilichovunjika, anakipapasa mgongo kwa kidole, pale palipolika.

"Ubovu ungekuwa wangu," alisema, "si angekaa Msasa, kazi ikaendelea?"

Hakuna aliyemwelewa mara moja. Mzamiaji, ambaye kwa kawaida hasikii kitu, ndiye aliyeinamisha kichwa.

Siku ile alimaliza vifungo vya koti. Gamba la mlangoni lilitoa vyote, na kila kimoja kiliguna. Kufikia alasiri lilikuwa matundu matupu, kama chekecheo, na alilifuta na kuliweka juu ya rafu mahali ambapo hapana wa kujigonga nalo. Bosi alikuwa pembeni na simu sikioni, akiongea kwa sauti ya chini, akiulizia mabamba ya plastiki, yanauzwaje, yanakuja kwa rangi gani. Bi Keekee alisikia. Masikio yake yalikuwa mazima.

Joto lilizidi, Msasa akaufungua mlango. Alitafuta cha kuuzuia, akapekua gunia la mzamiaji mpaka akapata gamba kubwa kuliko mengine, akaliweka palepale sakafuni, kwenye duara jeupe lililoachwa na lile la zamani. Akarudi kwenye mashine yake.

Upepo mdogo uliingia kutoka barabarani. Mlango ukaegemea gamba, gamba likasogea. Mlango ukaegemea tena. Watu waliinua vichwa kutoka kwenye kazi zao na kulitazama likisukumwa polepole juu ya saruji, jepesi, likichora nyuma yake mstari mwembamba wa unga.