Supu ya Mwani ya Sun-im

Shemeji yangu Gi-tae hana haya, na sisemi kwa kunong'ona. Asubuhi ile alivaa suti yake ya kuendea harusi za watu, akapaka mafuta nywele zake chache, akatandika mkeka katikati ya chumba kikubwa, akakaa. Eti anasubiri kusujudiwa, kama desturi yetu kwa wakubwa! Na nani? Na mtoto aliyemtupa mwenyewe.

Aliyemtupa ni yeye, asije akawadanganya. Mdogo wake wa mwisho alipofia kwenye mgodi wa makaa huko Taebaek, aliacha mjane, Sun-im, na kichanga wa kike. Siku moja Sun-im yuko shambani anapandikiza mpunga, Gi-tae akambeba mtoto mpaka Namwon mjini, akamkabidhi kwa watu wa kupeleka watoto ng'ambo. Mama karudi, maziwa yamemjaa, kakuta mbeleko tupu. "Nimekupunguzia mzigo," jamaa akamwambia. Mzigo! Gunia la kabichi ndilo mzigo.

Tangu hapo, kila siku ya kuzaliwa ya yule mtoto, Sun-im hupika supu ya mwani, kama sisi Wakorea tunavyompikia yeyote siku yake ikifika. Na kila mwaka Gi-tae hupita jikoni akiguna, "Unampikia nani, shetani?"

Kumbe shetani kakua. Anaitwa Mette, mwanamke mzima, kaja kutoka Denmark na mama aliyemlea, Birgit, siku ileile ya kuzaliwa kwake. Mimi ni mke wa ndugu wa kati, basi kabla ya safari alinipigia simu, kwa Kikorea chake cha kuokoteza: "Mama mkubwa, sitaki zawadi. Nataka mama zangu wawili wale meza moja. Birgit moyo wake mgonjwa, safari nyingine hataiweza."

Gi-tae yeye alikuwa na mipango yake. Mzungu akae chumba kikubwa, ubavuni kwake. Sun-im abaki jikoni. "Akianza kulia mbele ya wageni ataniaibisha," alisema. Loo! Huyo naye ana aibu ya kuaibishwa? Sun-im aliinamisha kichwa, akaendelea kukoroga sufuria. Nilitamani kumzibua shemeji kwa mwiko.

Wakafika. Gi-tae akajikohoza. "Haya, mwanangu, msujudie kwanza mkubwa wa ukoo. Mimi ndiye niliyekupeleka ukasome."

Mette akaangaza chumba kizima. "Mama yuko wapi?"

"Salamu kwanza."

"Mama yuko wapi?"

"Jikoni, mwanangu, mlango huo hapo," nikasema. Gi-tae akanitolea macho. Nikamtolea yangu.

Mette akamshika Birgit mkono, wakamzunguka mzee na mkeka wake kama mtu anavyokwepa kinyesi cha mbwa njiani. Akaingia jikoni, akaweka viganja chini, kwenye maganda ya vitunguu saumu, akasujudu mpaka paji la uso likagusa sakafu. Sun-im akaangusha mwiko. Akalia kilio nilichowahi kukisikia mara moja tu, siku ya ile mbeleko tupu.

Birgit naye, na magoti yake mabovu, akajaribu kuinama. Sun-im akamdaka. "Hapana, dada, hapana." Akamkalisha kando ya kimeza chetu, akapakua bakuli la kwanza la supu, nyama tele, akamwekea mbele.

"Si leo ni siku yangu?" Mette akauliza, huku anacheka na kulia.

"Subiri zamu yako. Kwetu mwanamke akijifungua, supu hii anapikiwa yeye. Huyu kakupata na hakuna aliyempikia. Mwambie anywe."

Mette akatafsiri. Birgit akanywa, kisha akamsogezea Sun-im bakuli. Wakanywa pamoja, zamu kwa zamu, kwa kijiko kimoja.

Sauti ikatoka chumba kikubwa: "Na mimi je? Supu yangu iko wapi?"

Nikachungulia. Bado kakaa palepale mkekani, kakunja miguu, suti imembana.

"Hii ya waliozaa na waliolea, shemeji. Wewe tumekupunguzia mzigo."

Nikafunga mlango.