Nati ya Nne

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Kanyaga hasa, Mama Mapacha, usiipapase!"

"Nikikanyaga zaidi ya hapa mguu utatokea chini, uanze kuufungua na wenyewe."

Baba Mapacha alikuwa amepiga magoti bandani, mbele ya gurudumu la kushoto la gari, shati limemganda mgongoni. Mkewe alikaa kwenye kiti cha dereva, kiti ambacho maisha yake yote hakuwahi kukikalia. Alivaa gauni la safari, mkoba mapajani, mguu wa kulia juu ya breki. Nati za gurudumu lile zilikuwa zimegoma gari likiwa chini, kwa hiyo mzee aliliinua kwa jeki apate nafasi ya kusukuma vizuri. Na gurudumu likiwa hewani, bila mtu kwenye breki, lingezunguka tu kama mlevi anayetafuta mlango. Kazi ilitaka watu wawili, na tangu mapacha waoe na kuhama, nyumba ile ilikuwa na watu wawili kasoro afya.

Beringi ya gurudumu ilikuwa ikilalamika kwa muda mrefu, na jana ilipiga kelele mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Beringi mpya ilikaa mezani, ndani ya karatasi yake ya mafuta, safi kama bwana harusi. Ilichotaka ni gurudumu litoke tu.

Nyuma ya vilima, dada yake Mama Mapacha alikuwa kitandani. Tangu juzi hakutaka maji, hakutaka chakula. Alitaka mdogo wake. Gari la abiria lilikwenda kule siku ya soko, na soko lilikuwa jana. Pikipiki ilikuwepo, lakini nyonga ya Mama Mapacha na pikipiki ni maadui wa siku nyingi. Lilibaki gari hili, na gari lilibaki na nati nne.

Tatu zilitoka. Ya nne ilikuwa na kutu ya miaka.

Sasa, sanduku la zana. Lilikuwa jekundu, na ndani yake kila chombo kililala kwenye kitanda chake, kikimeta. Lilipoingia nyumbani lilimeta hivi kwamba kuku walikuja kujitazama, na jogoo mmoja, mpaka leo, anadai alimwona mpinzani wake humo. Bei yake ilikuwa ya kucheka. Baba Mapacha alicheka, akanunua. Na tuseme haki: kwa mwaka mzima sanduku halikumwangusha. Lilifunga mlango wa jiko, likakaza kitanda, likafufua baiskeli iliyokwisha kusomewa dua. Kila jirani aliyepita alisimamishwa na kuonyeshwa.

Zana za zamani zilikuwa za mkwewe, aliyetengeneza malori. Spana nyeusi, nene, zinanuka grisi. Ukiangusha moja chumbani, jirani anasema "karibu" akidhani amebishiwa hodi. Yule dada mkubwa ndiye aliyezitoa siku ya harusi, akamwambia shemeji yake, "Baba hakuacha shamba, aliacha hizi." Zilikaa kwenye gunia uvunguni, zikichana shuka kila mtu anapofagia. Sanduku lilipokuja, mume na mke walilikamata gunia kila mtu upande wake, wakalipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Njia nzima walicheka kwa uzito wake. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Ndiyo maana leo hapakuwa na wa kulaumu, na lawama, ikikosa pa kukaa, husimama katikati ya nyumba.

"Haya. Kanyaga."

Baba Mapacha alivika soketi kwenye nati, akachomeka mpini, na juu ya mpini akavika kipande cha bomba ili apate nguvu. Akasukuma. Kitu kilisogea. Moyo wake ulisogea nacho.

"Imekubali!" alisema.

Haikukubali. Soketi ndiyo iliyokubali: ilipasuka ubavuni, ikafunguka kama ganda la haragwe. Na ndani yake nati ilikuwa imelika pembe zote sita, imekuwa duara kama kidonge.

"Imetoka?" aliuliza mkewe.

"Inafikiria."

Akachukua koleo, likateleza, likamchuna vidole. Akachukua msumeno wa chuma. Ukaacha meno yake yote pale kama mzee anayeng'ata mfupa. Akachukua tindo, akaipiga nyundo mara mbili tatu, akaiangalia. Ncha ilikuwa imejikunja. Vyote vilitoka sanduku moja, ndugu wa tumbo moja, na vilikufa kwa zamu.

Jeki nayo ilikuwa ya ukoo huohuo. Ilipumua chini chini, *tsss*, na kila baada ya muda gari lilishuka kidogo pamoja na Mama Mapacha ndani yake, mpaka mzee aje apige mpini aliinue tena.

"Baba Mapacha, mbona naiona dunia inapanda?"

"Jeki inapumzika."

"Mwambie na mimi nimechoka, lakini sijaachia breki."

Kivuli kilisimama mlangoni mwa banda. Alikuwa Cheche, fundi wa kuchomelea wa nyumba ya pili, miwani ya kazi juu ya paji la uso. Aliinama, akaitazama nati, kisha akalitazama sanduku.

"Mzee, hii ulikuwa unaifungua au unaipiga msasa?"

"Kama umekuja kucheka, cheka upesi upishe mwanga."

"Si ulituambia sanduku hili litatuzika sisi mafundi?"

"Mwaka mzima halijaniangusha."

"Lilikuwa halijakutana na nati." Kisha akamwona Mama Mapacha, gauni na mkoba, na kicheko kikamtoka usoni. "Shikamoo mama. Ndiyo safari ya kwa dada?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo hii, tuko njiani."

Cheche alikuna kichwa. "Dawa ipo. Nachomelea kipande cha nondo juu ya hiyo nati, tunaizungusha kwa nondo. Ni kazi ya kupiga chafya."

Baba Mapacha alisimama wima kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Basi leta mashine!"

"Mashine inakula umeme, mzee, na umeme umekatika tangu alfajiri. Ukirudi tu, nitakuja mbio na waya."

Akaondoka. Wakabaki na jua lililoingia kwa matundu ya bati, na balbu juu yao, imening'inia, haisemi kitu.

"Zile za baba," alisema Mama Mapacha taratibu, "zingeweza?"

Mumewe aliigeuzageuza tindo mkononi. Angeweza kumdanganya, na kwa kudanganya alikuwa na kipaji kinachojulikana.

"Zingeweza."

"Gunia lile lilichana shuka zangu nzuri."

"Lilichana."

"Haya. Nimekanyaga. Endelea."

Akaendelea. Aliigonga tindo butu, akijua ni butu, kwa sababu mkono unaofanya kazi hauulizwi maswali. Simu ililia ndani ya mkoba. Alimsikia mkewe akifungua zipu, akipapasa.

"Eeh, mwanangu. Ni mimi, mama yako mdogo." Akasikiliza. "Eeh... Saa hizi?... Eeh. Haya. Haya, mwanangu."

Zipu ikafungwa.

Baba Mapacha hakuinua kichwa. Pengine binti wa yule dada alitaka tu kujua wamefika wapi. Aliiweka tindo kwenye nati, akapiga nyundo.

Gurudumu likazunguka.

"Kanyaga, Mama Mapacha."

Aliweka kiganja kwenye tairi. Lilizunguka chini ya kiganja, jepesi, beringi ikinung'unika ndani. Aliitazama miguu ya mkewe kupitia mlango uliokuwa wazi. Yote miwili ilikuwa imekaa pamoja sakafuni, viatu vya safari vimelingana.

Juu ya vichwa vyao balbu ikawaka.

"Umerudi!" Cheche alikuja akikimbia, anaburuta waya uani, kuku wanatawanyika. "Mzee, umeme umerudi! Mama, kaa tayari, unaondoka sasa hiv—"

Akafika mlangoni, akasimama, waya mkononi.

Hakuna aliyemgeukia. Jeki ilipumua, *tsss*, na gari likaanza kushuka, na Mama Mapacha likashuka naye, ameushika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele ulipo ukuta. Gurudumu lilizidi kuzunguka, polepole, na nati yake moja ikipita juu, ikipita chini, mpaka tairi likagusa udongo, likasimama.