Tarehe za Duka la Moiz

Eda ilipokwisha, Mehjabeen alikwenda Ngamiani kulifungua duka la marehemu mumewe, Moiz. Wifi yake, Nazia, alikuja na mifuko ya taka.

"Wifi, tarehe zimepita. Tutupe vyote."

"Ngoja tutazame."

Mehjabeen alichukua pakiti ya biskuti iliyoandikwa "bora kabla ya". Tarehe yake ilikuwa imepita. Akavunja moja, ikalia ka! Akainusa, akaitafuna.

"Hizi hazina neno. Tarehe hii ni ya ladha tu. Hatutaziuza, tutazila nyumbani."

Jibini iliyoandikwa "mwisho wa kutumia" aliitupa bila kuinusa, maana tarehe ya namna hiyo haibishiwi. Kisha akatupa pakiti ya maziwa.

"Mbona hayo tarehe bado?" Nazia aliuliza.

"Pakiti imevimba. Yameshaharibika kwa joto la humu ndani."

Alisema hayo kwa sauti kavu, kama anayesoma maneno ya mtu mwingine. Tangu mazishi, kila kitu alikifanya hivyo.

Nyuma ya mizani Nazia akaikuta kofia ya Moiz. Akaketi juu ya gunia, akalia kwa kwikwi. Mehjabeen alimshika bega, akayangoja machozi yake mwenyewe. Hayakuja. Baada ya muda alichukua kitambaa, akaanza kufuta rafu.

Mama mmoja jirani akachungulia mlangoni. "Hodi! Mmefungua, mwanangu?"

"Shikamoo, mama. Tumefungua."

"Marahaba. Nipimie sukari nusu kilo."

Mehjabeen akampimia.