Watatu Wasipofika

Kaka yangu mkubwa ni mwalimu wa hesabu, na nyumbani tunamwita Kanuni kwa sababu hakuna jambo asilolitafutia kanuni. Ukimwambia wali umeungua, atakuuliza maji yalikuwa kiasi gani na moto ulikuwa wa kiasi gani. Zamani tulikuwa tunamcheka. Siku hizi mimi simcheki tena.

Mama alipopatwa na kiharusi, watoto tulikuwa watano: Kanuni, Dada Mkubwa mwenye saluni yake, dada wa pili, tunayemwita Bi Dawa kwa kuwa anauza katika duka la dawa, kaka aliye wa nne kuzaliwa, Fundi, mtengeneza friji, mtu wa maneno mengi na simu isiyo na chaji, na mimi kitindamimba. Kanuni alituita sebuleni akatueleza kwamba mzigo na wabebaji ni uwiano wa kinyume. Wabebaji wakiongezeka, mzigo wa kila mmoja unapungua. "Tuko watano," alisema, "kila mmoja atabeba sehemu moja ya tano. Hakuna atakayechoka." Tukatikisa vichwa kukubali. Mwezi haukuisha kabla sehemu zile nne hazijahamia kwangu, maana mimi sikuwa na mume, wala saluni, wala friji la watu linalongoja gesi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kila Jumapili walikuja kuniambia jinsi Mama alivyonawiri.

Nilitaka kitu kimoja tu: chuo cha uuguzi. Niliwaza, kama nimeandikiwa kufua mashuka ya wagonjwa, basi niyafue nikiwa na cheti. Chuo hakipokei mtu aliyevuka miaka thelathini, na thelathini yangu ilikuwa imeshabisha hodi. Mtihani wa kuingia hufanywa mara moja kwa mwaka, na hesabu zimo. Mwaka ule uliangukia Jumamosi. Nisipoufanya siku hiyo, ndiyo basi tena.

Kanuni alinifundisha vizuri, hilo silifichi. Tulikaa kwenye meza ya jikoni, akinigongea kalamu mezani. "Usikimbilie namba. Jiulize kwanza: hiki kikipanda, kile kinapanda au kinashuka?" Gari linakwenda kilometa mia na ishirini kwa saa mbili, kwa saa tano, mwendo uleule, litafika wapi? Muda ukipanda, umbali nao unapanda. Gawanya upate sitini, namba isiyobadilika, kisha zidisha kwa tano: mia tatu. Lakini mafundi sita wakijenga ukuta kwa siku nane, mafundi wanne watachukua siku ngapi? Mafundi wakipungua, siku zinaongezeka. Hapo huanzi kwa kugawanya, unazidisha: sita mara nane, arobaini na nane. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, haibadiliki hata aje nani. Sasa igawe kwa nne. Kumi na mbili.

"Na kama mmoja wa hao wanne ni mvivu?" nilimuuliza.

"Hakuna mvivu. Swali linasema wote wana kasi sawa."

"Nani kawapima?"

"We mtoto, jibu swali."

Mama akikohoa, niliacha kalamu nikaenda kumgeuza ubavu. Nikirudi, Kanuni ananionyesha kwa kidole pale nilipoishia. Hakuwahi kuinuka yeye.

Wiki ya mtihani nilimwomba jambo moja. "Kaka, mwombe Dada Mkubwa aje Jumamosi asubuhi. Yeye peke yake, na umwambie hakuna mwingine." Dada Mkubwa ana mdomo, lakini akijua jambo liko mikononi mwake, halitupi.

"Mmoja?" Kanuni alinitazama kama niliyekosea kujumlisha. "Akipata udhuru je? Tukiwaomba watatu, uhakika unakuwa mara tatu. Watu wakipanda, uhakika unapanda. Huo ni uwiano wa moja kwa moja, hata mtoto wa darasa la tano anaujua."

Yeye mwenyewe asingeweza kuja, kwa sababu alipangiwa kusimamia mtihani huohuo katika ukumbi mwingine, mahali simu haziingii. Akaandika kwenye kundi la familia: "Jumamosi saa moja asubuhi, nyote watatu kwa Mama. Mdogo wetu ana mtihani." Zikamiminika alama za dole gumba na za mikono ya dua. Dada Mkubwa akaongeza maua. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mimi nikalala usingizi mzuri kabisa.

Jumamosi saa moja Mama alikuwa ameshaoga na kunywa uji, nami nimeshavaa gauni nililolipiga pasi. Saa moja na nusu nilifungua dirisha. Saa mbili nikaanza kupiga simu, maana mlango wa ukumbi ulikuwa unafungwa saa tatu.

"Mama yangu!" Dada Mkubwa alisema. "Nina bibi harusi hapa, nimeshamtia dawa kichwani. Kwani Bi Dawa hayupo?"

Bi Dawa alisema, "Mimi nilijua Dada anakuja, si ndiye mkubwa? Nikaona tukijazana tutamchosha Mama."

Fundi nilimpata kwa taabu. "Wanawake wawili wapo, mimi ningefanya nini hapo? Kumwosha Mama siwezi, dada."

"Mimi nimeshamwosha. Njoo ukae tu."

"Niko mbali. Nimeshafungua mashine ya watu."

Mlango wa jirani ulikuwa na kufuli. Mama haachwi peke yake; mate humpalia, na mkono wake mmoja tu ndio unaosikia. Nilifunga mlango kwa nje nikatembea mpaka kona ya barabara, penye bango la kinyozi. Hapo nikamwona kichwani mwangu akipaliwa, nikarudi mbio. Alikuwa salama salimini, ananitazama kwa jicho lake zima. Nilimchukia. Nasema kama ilivyokuwa: kwa dakika ile nilimchukia mama yangu mzazi. Kisha nikajichukia mimi, kisha nikamgeuza ubavu.

Alasiri waliingia wote watatu, karibu kwa mkupuo mmoja, kila mtu na mfuko wa machungwa na maneno ya pole. Nyumba ikajaa. Dada Mkubwa anamlaumu Bi Dawa, Bi Dawa anamlaumu Fundi, Fundi anamenya machungwa. Kisha Kanuni akatokea mlangoni, uso umechangamka, anapunga karatasi ya maswali.

"Haya, umelionaje swali la tisa? Nililisoma nikacheka peke yangu. Ni lilelile letu!"

Fundi akaacha kumenya.

"Sikwenda," nilisema.

"Hukwenda wapi?"

"Hawakuja, sikwenda."

Aliwatazama mmoja mmoja. "Lakini niliwaomba watatu," alisema. Hakuwa akisema nami. Alikuwa analalamikia hesabu.

"Ungemwomba mmoja, angekuja," nilimwambia. "Kila uliyemwongeza alimpa mwenzake ruhusa ya kubaki kwake. Ni kinyume, Kaka. Kikipanda hiki, kile kinapanda au kinashuka? Umenifundisha mwenyewe, na mwenyewe hukujiuliza."

Nilitaka aumie. Sijui kama aliumia. Alinisogezea karatasi, labda kwa kukosa la kufanya na mikono yake. "Hebu lifanye basi. Tuone."

Swali lilisema: wafanyakazi wanane hulima shamba kwa siku kumi na tano. Watatu wasipofika, waliobaki watalimaliza kwa siku ngapi? Chukulia kwamba wote wana kasi sawa.

Wengi hapo hugawa kwa tatu, kwa kuwa tatu ndiyo iliyotajwa. Mimi niliwahesabu waliobaki. Nane mara kumi na tano ni mia na ishirini. Igawe kwa tano. Ishirini na nne.

"Sahihi," alisema Kanuni. "Ungepata alama zote."

Dada Mkubwa akapiga makofi. Bi Dawa akamfuata, na Fundi naye, na chungwa lake mkononi. "Mwaka ujao, Mungu akipenda!" alisema Bi Dawa.

"Mwaka ujao nitakuwa nimepita umri," nilisema, lakini makofi yalikuwa yamenifunika.

Kelele zile zikamshtua Mama. Alitoa sauti yake ya kooni, na harufu ikatuambia sote kilichotokea. Makofi yakakoma. Walikuwa watu wanne wazima, mikono minane, na kitanda kilikuwa karibu nao kuliko mimi. Wote wakageuka wakanitazama. Mimi nilikuwa nimeshasimama, na beseni liko mkononi.