Isale kwa Fundi Elifuraha

Barua ya Mathew ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa salamu. Wa pili ulisema atakuja nyumbani Krismasi kama kawaida, na kwamba amepata mtu wa vyuma chakavu Moshi mjini ambaye yuko tayari kulichukua gari la marehemu baba yake, maana limekaa uani mwaka mzima na kuku wanatagia ndani.

Kuku hawatagii ndani. Kuku mmoja alitaga ndani, mara moja, na mlango niliusahau wazi mimi.

Nilimjibu siku hiyo hiyo kwamba gari la baba yake halitoki hapa kwetu Uru kwa barua. Mwanangu ni karani wa mahakama huko Dar, anapenda mambo yaliyoandikwa, kwa hiyo tulipatana kwa maandishi. Siku atakayofika, nitalishusha gari mwenyewe mpaka stendi ya mabasi kumpokea. Likimpandisha mlima mpaka nyumbani, linabaki na hataligusa tena. Likishindwa njiani, mtu wa vyuma aje na winchi yake.

Gari lenyewe ni Pijo 404, rangi ya chai yenye maziwa mengi. Mume wangu Basili aliliendesha miaka ishirini na tatu. Jioni nilikuwa nikilisikia likikata kona ya kanisa, najua ni yeye, namimina chai. Akiingia anaikuta imepoa kiasi anachokitaka. Alipofariki mwaka tisini na tatu nilijifunza kuendesha, nikiwa na miaka hamsini na nne, na walionicheka niliwafundisha kusoma mimi. Picha zake ninazo ukutani, suti yake iko kabatini, lakini picha na suti hazina sauti. Ndiyo maana nililitaka gari. Hilo sikumwandikia Mathew, kwa sababu angelijibu.

Shida ilikuwa fundi. Huo ulikuwa mwaka tisini na tisa, Moshi imejaa magari ya Kijapani yaliyotumika, na vijana wanaoyatengeneza. Nasema wanatengeneza kwa heshima tu. Kijana anatoa kifaa kibovu, anakwenda dukani, anarudi na kingine, anachomeka. Pijo halina duka. Mwaka mmoja nyuma, lilipoanza kukohoa, nililipeleka gereji moja ya mjini. Kijana alifungua boneti, akaita wenzake waje kuangalia. Wakaja sita. Mmoja aliniuliza kama ni la maonyesho. Mwishowe wakanishauri waliwekee injini ya Korola, na kabla ya kunishauri walikuwa wameshagusa kila skrubu inayogusika. Gari lililokwenda likikohoa lilirudi Uru likivutwa na trekta.

Aliyelijua alikuwa mmoja tu, Mzee Elifuraha wa Old Moshi. Ni Mlutheri, lakini ni fundi. Malori ya kahawa, Landrova, Pijo, vyote vilipita mikononi mwake tangu enzi za Mwingereza. Alikuwa hatumii kipimo. Analiwasha gari, analegeza nati moja chini ya distribyuta, kile kikombe kinachogawia plagi moto, kisha anakizungusha kwa vidole, kidogo kidogo, injini ikinguruma na yeye amefumba macho. Akishasikia anachokitaka, anakaza nati. Wakati huo mwenye gari haruhusiwi kusema neno. Siku moja nilimsalimia padre aliyekuwa akipita, nikafukuzwa mpaka jikoni kwangu.

Baada ya trekta nilimwita mara tatu. Mara ya kwanza alisema ana kazi nyingi. Mara ya pili, goti. Mara ya tatu nilikwenda mwenyewe Old Moshi, mkewe Eunike akanipokea getini.

"Amesema gari hilo halishiki tena, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Hakusema. Na mimi nimemwuliza mara mbili."

Nilielewa papo hapo. Amesikia nimelipeleka kwa vijana, amenuna. Fundi wa namna ile ana wivu kuliko mke wa kwanza. Nilikuwa nimemkosea, na kwetu Wachagga aliyekosewa anajulikana anavyorudishwa.

Isale tunalipanda mipakani mwa kihamba, shamba la migomba la ukoo, kila nyumba inalo. Jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, hawezi kukataa kusamehe, hata kosa liwe la damu. Akikataa, yeye ndiye anakuwa mkosaji. Wakatoliki na Walutheri tunagombania mengi lakini si hilo, maana isale lilikuwepo kabla ya wamisionari wetu na wa kwao. Siku sita kabla ya Mathew kufika nilikata jani, nikalifunga, nikampa jirani yangu Mektrida alipeleke pamoja na dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi. Nilijiona nina akili sana. Kwa kweli nilikuwa namkaba mzee wa watu kooni, kwa adabu zote.

Asubuhi ya pili alikuja. Alikuwa amevaa koti la kanisani, mfuko wa spana begani, jani mkononi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwalimu." Akaliweka jani juu ya boneti. "Hili ni la nini?"

"La kukuomba msamaha. Kwa kulipeleka gari kwa wale vijana wa mjini."

"Ulilipeleka kwa vijana?"

Hakuwa na habari. Nilitamani nilimeze lile jani.

"Kwa hiyo hukunikasirikia?" nikamwuliza.

"Sijakukasirikia hata siku moja. Sasa umeniletea isale. Nikilirudisha watasema Elifuraha ana moyo mbaya, na nyumbani kwangu hawatakanyaga. Nikilipokea, ni lazima nilishike gari. Na gari siwezi."

"Huwezi kwa nini?"

Alitazama upande wa uzio. Mektrida alikuwepo, anapalilia mahali ambapo hapakuwa na jani la kupalilia. Mzee akasubiri mpaka alipochoka akaondoka.

"Sisikii," akasema. "Mwaka wa pili huu. Watu nawatazama midomo, ndiyo maana hamjui. Eunike mwenyewe hajui, anadhani nimekuwa mkaidi. Injini haina mdomo."

Niliona aibu ambayo sijaipata tangu nikiwa mwanafunzi. Mtu alikuwa ameficha jambo lake vizuri, hakumdhuru yeyote, na mimi nimemtoa nalo mpaka uani kwangu kwa jani la mila. Nilitaka kumwambia arudi nyumbani, gari liende na winchi. Lakini alikuwa ameshavua koti na kulitundika mgombani.

Alifanya kazi siku mbili. Alifungua kabureta akaiosha kwa petroli, akasugua platini za cheche, akapanga plagi kwenye gazeti kama vijiko vya wageni. Macho na mikono havikuwa na neno. Kila skrubu iliyoguswa na wale vijana aliijua kwa kuitazama, na kila moja aliisemea neno la Kichagga ambalo mzee wa kanisa hatakiwi kulijua. Siku ya pili, kwenye saa tano, gari likawaka. Lilitikisika lote, na kikombe changu cha chai kikaanguka kutoka kwenye bampa.

Alichukua bisibisi ndefu, akaegesha ncha yake kwenye injini, akauma mpini kwa meno ili mlio umfikie kwa mifupa, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaitoa mdomoni na kuifuta kwenye suruali.

"Hakuna kitu," akasema.

Nilidhani amemaliza. Akalegeza nati ya distribyuta.

"Mwalimu, sauti ya gari hili unaijua?"

"Naijua."

"Basi simama pale mbele, nikuone uso. Mimi nazungusha, wewe unasema."

Nikasimama mbele ya gari langu, katikati ya ua wangu, kwa kazi ambayo nilishafukuzwa kwa kuikaribia. Akazungusha.

"Bado," nikasema.

Akazungusha tena. Bado. Injini ikazima, tukaiwasha. Sikujua kinachotakiwa ni nini, nilijua tu kwamba sicho.

"Hilo ni lori, Fundi."

"Nimerudi nyuma mno." Akasogeza.

"Hiyo sasa ni cherehani."

"Nimekwenda mbele mno."

Tulikwenda hivyo zaidi ya saa nzima, kati ya lori na cherehani. Moshi ulijaa uani. Mkono wake ulikuwa umeungua kwenye vifundo. Gari lilikuwa linanguruma vizuri tu. Halikuwa lile la Basili, lakini lilikuwa gari, na Mathew asingejua tofauti. Nikamtazama yule mzee, miaka sabini na miwili, jasho linamdondokea kwenye injini.

"Sasa," nikasema. "Hapo hapo."

Hakukaza nati. Alinitazama.

"Mwalimu, unanihurumia."

"Fundi, linawaka. Litapanda mpaka hapa."

"Najua litapanda. Hata wale vijana wangelipandisha, na Korola yao. Sikukuuliza kama litapanda."

Nilimkasirikia, na mimi mwenyewe nilijikasirikia zaidi. "Basi bado!" nilipiga kelele, kana kwamba kelele ingemsaidia. "Bado kabisa! Lina kikohozi pale chini, na halipumui!"

"Haya," akasema, akainama tena.

Akazungusha. Bado. Akazungusha tena kidogo, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona vidole vikienda. Na hapo Pijo likawa linakata kona ya kanisa. Ni jioni, Basili yuko ndani, na mimi chai sijaimimina. Nilifungua mdomo niseme "sasa" na sauti haikutoka. Machozi yalitoka yenyewe, mengi, mbele ya mgeni, wala sikuyafuta.

Fundi alinitazama usoni. Akakaza nati.

Tarehe ishirini na tatu nililishusha gari mpaka stendi. Mathew aliingia garini, akatafuta mkanda, hakuuona, akajishikilia kwenye dashibodi. Nyuma kulikuwa na mizigo yake na gunia la mchele wa Chekereni nililolipitia sokoni kwa makusudi, asije akasema limepanda tupu. Tulipanda bila kusimama. Alitega sikio njia nzima akitafuta kosa, na tulipoingia uani alitoa barua yangu mfukoni, akaandika "imetekelezwa", akatia sahihi. Huyo ndiye mwanangu.

Siku ya Krismasi, tukiwa mezani, aliniambia ana rafiki Dar mwenye Mersedesi ya zamani, amezunguka mji mzima hakupata fundi. Je, huyu mzee wangu angeipokea?

"Rafiki yako anaijua sauti ya gari lake?" nikamwuliza.

"Sauti gani, Mama? Gari ni gari."

"Mwambie kama anaijua, aje nalo, mimi mwenyewe nitampeleka kwa Fundi. Kama haijui, Fundi hayupo."

Mathew alidhani nimemtania, lakini alimwandikia hivyo hivyo. Rafiki yake hajaja mpaka leo.