Fundi Aliyeanza Chini

Mpelelezi alipanda ngazi kwa mara ya nne asubuhi ile. Ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho, alikuwa amefichwa mama mmoja mshonaji, mtu pekee aliye hai aliyewahi kuuona uso wa Msafi. Saa nane mchana angepelekwa mahakamani kutoa ushahidi. Zilibaki saa tatu.

Msafi ni jina walilompa pale kazini muuaji mmoja wa kukodiwa, kwa sababu hakuacha hata unyayo. Mashahidi wawili walikuwa wameuawa chini ya ulinzi wa mpelelezi, na tangu wa pili azikwe alikuwa hali wala halali sawasawa. Mkuu wake alimwambia apumzike. Rahisi kusema, kwa mtu anayekoroma ofisini.

Koridoni fundi rangi alikuwa amechuchumaa, ovaroli imechafuka kisawasawa. Mwenye nyumba alikuwa amethibitisha kwa simu kwamba ameagiza fundi. Mpelelezi alikuwa hata amemwekea kando maji ya kunywa, maana ndivyo alivyolelewa.

"Pole na kazi, fundi."

"Nishapoa, dada. Angalia nguo, rangi mbichi hiyo."

Akaingia, akafunga komeo. Mshonaji alikuwa anakunjua na kukunja pindo la pazia.

"Huyo fundi anamaliza lini?" aliuliza. "Tangu asubuhi yuko hapo hapo mlangoni."

Hapo hapo mlangoni. Mpelelezi alichungulia kwenye kitundu cha mlango. Ukuta ulikuwa umepakwa vizuri kutoka sakafuni hadi kiunoni. Juu yake dari ilikuwa inabambuka, haijaguswa. Baba yake alikuwa fundi rangi kwa miaka arobaini, na siku moja yeye, akimsaidia, alipoanza chini, baba alimchapa shingoni kwa kitambaa kibichi. "Unataka rangi ya dari idondokee kazi yako?" alifoka.

Kwa shahidi wa kwanza kulikuwa na fundi bomba, amejikunja chini ya sinki. Kwa wa pili, fundi vigae, amepiga magoti. Aliwasalimu wote wawili akiona migongo tu, kama kila mtu anavyowasalimu mafundi, na hakuna uso aliouona.

Alimsukuma mshonaji bafuni, akawatumia ujumbe askari wawili waliokuwa chini, akachomoa bastola na kufungua mlango.

"Fundi, mwenye nyumba anaulizia dari."

"Dari nitamalizia mwisho, dada."

"Baba yangu angekufukuza kazi."

Mkono wa yule mtu ulikuwa umeshazama kwenye ndoo ya rangi. Mpelelezi aliipiga teke. Rangi nyeupe ikafurika sakafuni, na katikati yake ikateleza bastola iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Yule mtu aliruka kuifuata, akateleza, akaanguka kifudifudi. Askari walifika wanahema, wakamfunga pingu na kumgeuza. Ulikuwa uso wa kawaida kabisa, umetapakaa rangi hadi kwenye nyusi.

Mshonaji alitoka, akamtazama kwa muda mrefu.

"Ndiye," alisema.

Walipomshusha, mpelelezi alikaa kwenye ngazi na kumpigia simu baba yake. Walikuwa hawajaongea vizuri tangu aache brashi na kujiunga na polisi.

"Baba, kuna mtu leo kaanza kupaka ukuta kabla ya dari."

"Mpumbavu gani huyo?"

Alicheka, na kicheko kikageuka kilio kabla hajakizuia. Alilia kwa sauti, viatu vyake vikiwa vyeupe.

"Nilimpa maji, Baba. Fundi bomba nilimpa. Fundi vigae nilimpa. Kumbe ni yeye yule yule, na wale watu wawili wamekufa."

Baba alikohoa, akakohoa tena.

"Umekula?" aliuliza.

"Sijala."

"Basi mfikishe huyo mama mahakamani, halafu uje nyumbani. Nakusubiri."